Kuua vijidudu kwenye simtanki na kisima kwa klorini ya bwawa

Mvua zikianza Novemba, maswali ni yale yale. "Niweke vijiko vingapi?" "Kile kidonge kikubwa cha bwawa la kuogelea kinafaa?" "Nimeweka dawa jana, mbona maji bado yananuka tope?" Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, nikilenga hasa wanaoishi huku kwetu Nyanda za Juu Kusini: Mbeya, Iringa, Njombe, Rungwe na majirani zao. Maelekezo mengi unayokutana nayo yameandikwa kwa watu wa joto. Maji ya Uyole au Makambako mwezi wa Julai si maji ya Dar es Salaam, na klorini inalijua hilo vizuri kuliko sisi.

Jambo la kushika kabla ya yote: klorini inaua, haifagii. Tangi lenye tope chini na utelezi ukutani litaimeza dawa yote kabla haijagusa kijidudu hata kimoja. Brashi kwanza, mizani pili, na uvumilivu wa usiku mzima tatu.

Klorini ipi?

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu dukani vyote vinaitwa "klorini ya bwawa" na vyote ni vyeupe. Soma lebo.

Unayoitaka ni kalsiamu hipokloraiti, ya unga au chengachenga, yenye klorini hai asilimia 65 hadi 70. Ndiyo hiyo hiyo inayotumiwa na miradi mingi ya maji vijijini. Hakikisha lebo haitaji dawa ya kuua mwani wala ya kung'arisha maji iliyochanganywa humo. Wenye mabwawa wanazipenda hizo, wewe huzihitaji.

Usiyoitaka ni vile vidonge vikubwa vinavyoyeyuka polepole. Vingi ni trikloro, asilimia 90, na vina asidi ya sayanuriki ndani yake. Kwenye bwawa asidi hiyo inazuia jua lisiile klorini. Kwenye tangi la nyumbani haina kazi, inabaki tu majini, na kidonge chenyewe kikitua chini ya simtanki kinachubua plastiki mahali pamoja.

Kuna pia wanaouliza kuhusu bromini, kwa kuwa mabwawa ya maji moto huitumia, na wengine wanataka hata kuitengeneza wenyewe kwa kuchanganya dawa za bwawa. Jibu langu ni fupi: acha. Bromini halisi ni kimiminika chekundu cha kahawia kinachofuka mvuke hata kwenye ubaridi wa kawaida, kinaunguza ngozi na mapafu, na kwa tangi la maji ya nyumbani hakikupi chochote ambacho klorini haikupi.

Ukikosa kalsiamu hipokloraiti, jiki ya kawaida isiyo na manukato wala sabuni inafaa. Nyingi ni asilimia 3.5, kwa nguvu hiyo, lita moja na nusu inatosha tangi la lita 1,000. Lakini iangalie tarehe. Jiki iliyokaa rafu ya juani miezi mingi ni maji yenye harufu tu.

Vitu vya kuandaa

- Klorini ya unga, kopo lililofungwa vizuri, unga mkavu usioshikana mabonge.
- Mizani ndogo ya jikoni. Kijiko kikubwa cha chakula kilichosawazishwa hubeba takriban gramu 15, lakini mizani haibishani na mtu.
- Ndoo mbili za plastiki. Za bati hapana, klorini inakula chuma.
- Mti mkavu safi au mwiko wa plastiki wa kukorogea, usiokuwa na mafuta.
- Brashi ngumu yenye mpini mrefu, au ufagio mpya wa plastiki.
- Glavu za mpira, miwani ya kinga, gambuti na nguo kuukuu. Tone moja likigusa shati, limeacha doa jeupe la kudumu.
- Kifaa cha kupimia klorini. Kile kidogo cha bwawa chenye vidonge vya DPD kinachogeuza maji kuwa pinki kinatosha.
- Maji mengine ya kutumia siku mbili. Jaza madumu kabla hujaanza, siyo baada ya kuweka dawa.

Maonyo ya kusoma kabla ya kufungua kopo

Weka dawa kwenye maji. Kamwe usimwage maji juu ya dawa. Unga mwingi ukipata maji kidogo unachemka, unaruka na kutoa gesi.

Usichanganye na asidi ya aina yoyote: ya betri, ya kuoshea masinki ya choo, hata siki. Inatoka gesi ya klorini hapo hapo, nayo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala chini pale ulipoinama wewe.

Usichanganye kalsiamu hipokloraiti na vile vidonge vya trikloro, hata kwa kutumia kijiko kimoja kwenye makopo mawili. Aina hizi mbili zikikutana na unyevu kidogo zinaweza kulipuka.

Na hili ni la kwetu wakulima: usiiweke stoo moja na mbolea. Urea ikikutana na klorini inatengeneza gesi mbaya, nyingine ya kulipuka. Dizeli, mafuta ya taa, oili na mafuta ya breki vikiugusa unga huu vinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Stoo nyingi za Mbozi na Mufindi zina mbolea kona hii na dumu la dizeli kona ile. Klorini itafutie chumba chake, pakavu, juu, mbali na watoto.

Fungulia kopo nje, upepo ukiwa mgongoni kwako, na usiinamishe uso juu yake. Ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 hadi 20 kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua. Aliyevuta gesi apelekwe penye hewa safi mara moja. Aliyemeza asitapishwe, apelekwe hospitali na kopo lake.

Simtanki, hatua kwa hatua

1. Funga maji yanayoingia. Kama unavuna mvua, geuza bomba la gata ili maji ya bati yamwagike nje. Zima hita ya maji ya moto na ufunge koki yake. Dawa kali haina kazi humo.

2. Toa maji yote. Ya juu yaliyo safi yatumie kufulia. Yaliyobaki chini yenye tope yamwage kwa kufungua plagi ya chini, au kwa kuliinamisha tangi kama ni dogo. Tangi ambalo halina njia ya kutolea maji ya chini, mwite fundi bomba aiweke. Ni gharama ya mara moja.

3. Sugua. Kuta, sakafu, chini ya mfuniko, shingo ya tangi, na lile boya la kufunga maji ambalo hakuna anayelikumbuka. Tumia maji na brashi tu. Sabuni ya unga inaacha povu utakalolinywa wiki nzima. Kwa tangi la lita 1,000 au 2,000 unafika kote ukiwa nje kwa mpini mrefu. Kwa tangi kubwa linalolazimu mtu kuingia, asiingie peke yake: mtu wa pili abaki mdomoni mwa tangi muda wote, na pasiwe na dawa yoyote ndani bado.

4. Suuza na utoe uchafu mpaka maji yanayotoka yawe meupe. Usiruke hatua hii kwa kuongeza dawa. Dawa maradufu juu ya tope ni hasara maradufu.

5. Jaza maji safi hadi robo ya tangi. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa kama yanavyokuwa mito ikijaa, yatulize kwanza kwenye majaba kwa shabu, uyachote ya juu. Klorini haifanyi kazi ndani ya maji machafu, kwa sababu vijidudu hujificha kwenye chembe za udongo.

6. Pima dawa. Kipimo ni gramu 80 za unga kwa kila lita 1,000 za ujazo wote wa tangi, siyo za maji yaliyomo sasa hivi. Kwa hiyo: lita 500, gramu 40; lita 1,000, gramu 80; lita 2,000, gramu 160; lita 5,000, gramu 400. Hiyo inakupa takriban miligramu 50 za klorini kwa lita moja ya maji. Ni dawa ya kuulia vijidudu kwenye chombo. Si maji ya kunywa.

7. Yeyusha kwenye ndoo. Weka maji lita 10 kwanza, kisha nyunyiza unga huku ukikoroga taratibu, usizidishe gramu 80 kwa ndoo moja. Acha itulie dakika chache. Utaona masimbi meupe chini ya ndoo. Hayo ni chokaa, hayana shida. Mimina yale maji ya juu ndani ya tangi, masimbi yabaki. Wanaomwaga unga moja kwa moja ndani ya tangi wanaharibu sakafu yake, na dawa inabaki chini bila kuchanganyika.

8. Jaza tangi mpaka juu kabisa. Maji yanayoingia kwa nguvu yatachanganya yenyewe.

9. Fungua koki zote za nyumba, moja moja, ya jikoni, ya bafuni, ya nje, mpaka usikie harufu ya klorini, kisha funga. Mabomba yana utelezi wake. Tangi safi likitumia bomba chafu umefanya nusu ya kazi. Bandika karatasi kwenye kila koki: MAJI YANA DAWA, MSINYWE. Mwambie na dada wa kazi na watoto, kwa sababu karatasi hailindi asiyesoma.

10. Funika na usubiri saa 24. Hapa ndipo baridi inapoingia. Klorini hufanya kazi polepole kadiri maji yanavyokuwa baridi. Chini ya nyuzi 18, hata maji ya kunywa yaliyotiwa dawa ambayo kwa kawaida yangesubiri dakika 30 yanapaswa kusubiri saa nzima. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Makete na Kitulo kuko juu zaidi, kunakoshuka hadi barafu ya asubuhi. Kwa hiyo zile njia za mkato za kuongeza dawa maradufu na kusubiri saa 8 tu, zinazotumika penye dharura, sisi tusizikimbilie kati ya Mei na Agosti.

11. Mwaga. Usifungulie kwenye mfereji unaoelekea kwenye vinyungu (bustani za bondeni), kwenye bwawa la perege, wala mtoni. Maji haya yanaua samaki na kuunguza mboga. Yote pia yasiingie kwenye shimo la choo, yataua bakteria wanaolimeng'enyesha. Njia rahisi ni kuyaacha kwenye majaba wazi juani siku kadhaa, jua linaila klorini, kisha kuyamwaga kwenye kifusi pasipopandwa kitu.

12. Jaza maji mapya, fungua koki zote mpaka harufu iishe, kisha pima. Ikiwa haizidi miligramu 0.5 kwa lita, toa karatasi kwenye koki.

Rudia kazi hii angalau mara moja kwa mwaka, na nashauri iwe Oktoba, kabla ya mvua. Wa Tukuyu, ambako mvua karibu hazina likizo, fanyeni pale mnapopata siku mbili za jua.

Kisima cha kuchimbwa

Kanuni ni ile ile, hesabu ndiyo tofauti. Pia hatari ni kubwa zaidi. Kisima kinaweza kuwa na hewa mbaya hata kabla ya dawa, na pampu ya petroli au dizeli ikishushwa ndani, gesi isiyo na harufu iliyomo kwenye moshi wake inamuua aliyeko chini kimya kimya. Pampu ibaki juu na mbali na mdomo wa kisima. Dawa ikishamiminwa, hakuna mtu kushuka, iwe kwa kamba au kwa ngazi.

1. Ondoa chanzo cha uchafu kwanza. Mdomo wa kisima uwe na ukingo ulioinuka, sakafu ya zege isiyo na nyufa, na mfuniko. Kyela na Usangu mafuriko yakipita juu ya kisima kisicho na ukingo, unaweza kukitia dawa kila wiki bila faida.

2. Toa maji kadiri uwezavyo pamoja na tope la chini, acha maji yarudi.

3. Pima kipenyo cha kisima na kina cha maji kwa mita. Kina cha maji, siyo cha shimo: funga jiwe kwenye kamba, lishushe hadi chini, kisha pima sehemu iliyolowa.

4. Piga hesabu: kipenyo mara kipenyo mara kina mara 785. Jibu ni lita. Mfano, kisima cha kipenyo mita 1.2 chenye maji mita 2: 1.2 × 1.2 × 2 × 785 ni takriban lita 2,260. Kwa gramu 80 kila lita 1,000, unahitaji gramu 180 hivi za unga.

5. Yeyusha kwenye ndoo kama ulivyofanya kwa simtanki, gawanya kwenye ndoo kadhaa ili kila moja isizidi gramu 80, mimina ukizunguka ili dawa ioshe na kuta. Chota maji hayo hayo na kuyarudisha mara kadhaa ili yachanganyike. Kama kuna pampu ya mkono, piga mpaka harufu itoke mdomoni mwake, kisha acha.

6. Funika, funga kwa kufuli kama kisima ni cha watu wengi, acha usiku kucha. Saa 24 ni bora zaidi kwenye baridi.

7. Chota na kumwaga mpaka kipimo kishuke chini ya 0.5. Harufu peke yake haitoshi, pua inazoea.

Kama kisima ni cha mtaa au kijiji, usijifanyie mambo kimya kimya. Waone viongozi wa jumuiya ya watumia maji au ofisi ya wilaya ya RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini), watangaze siku ya kufunga. Mama mwenye dumu kichwani alfajiri hajui wewe umemwaga nini usiku.

Maji ya kunywa ya kila siku

Tangi safi halimaanishi maji ya kunywa bila kufikiri. Chemsha, au tumia dawa ya maji iliyotengenezwa kwa kunywa kama WaterGuard kwa kipimo cha kwenye lebo, uache kwa muda ulioandikwa na kuuongeza asubuhi za baridi. Sipendekezi kutia unga wa bwawa kwenye ndoo ya kunywa kwa kukadiria. Ndoo ya lita 20 inahitaji dawa kidogo mno kwa mizani ya jikoni, na kosa dogo la mkono linakuwa kubwa ndani ya ndoo.

Mambo yakienda mrama

Kipimo kinaonyesha sifuri kesho yake asubuhi. Uchafu umekula dawa. Mwaga, sugua tena, rudia. Kama unga wako ni wa zamani au umeshikana mabonge, nunua mwingine.

Kipimo kinageuka pinki, kisha kinarudi kuwa cheupe ndani ya sekunde chache. Hii imewadanganya wengi. Si kwamba hakuna klorini; iko nyingi mno mpaka inaifuta rangi yenyewe. Changanya kikombe kimoja cha maji hayo na vikombe tisa vya maji yasiyo na dawa, pima, kisha zidisha jibu mara kumi.

Maji ya kisima yamegeuka mekundu au ya kahawia baada ya dawa. Kuna chuma ndani yake. Klorini imekigeuza kutu, ambayo sasa inaonekana. Acha itulie, chota na kumwaga mpaka yatakate. Usiongeze dawa ukidhani ni uchafu.

Harufu kali ya klorini haiishi siku ya tatu. Kuna maji yaliyolala mahali: bomba refu lisilotumika, koki ya uani, au maji yaliyobaki chini ya tangi. Yafungulie yote.

Harufu ni kali lakini kipimo kinaonyesha klorini kidogo. Mara nyingi klorini imekutana na mkojo, samadi au mbolea. Kagua nini kinatiririka kuelekea kwenye maji yako, hasa kama zizi liko juu ya mteremko.

Utelezi umerudi ndani ya mwezi. Tangi linapitisha mwanga au mfuniko haufungi, na vumbi na wadudu vinaingia. Rekebisha mfuniko, weka chandarua kwenye bomba la kumwaga ziada, livike tangi kivuli.

Kisima kimetiwa dawa mara mbili ipasavyo na watu bado wanaharisha. Acheni kununua klorini. Pimeni umbali hadi kwenye choo cha karibu. Ukiwa chini ya mita 30, au choo kikiwa juu ya mteremko, maji machafu yanapita chini ya ardhi na dawa haiwezi kuyakimbiza kila siku. Subirini mpaka klorini iishe kabisa kwenye maji, kisha mwombe chupa safi ya sampuli kutoka maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji, Mbeya au Iringa. Msitumie chupa ya soda. Sampuli ibebwe kwenye ubaridi na ifike siku hiyo hiyo, na mpaka majibu yatoke, kila tone la kunywa lichemshwe.